Robo Mzunguko

Daftari la ghala lilikwisha kuandika: imetumika.
Wino ukakauka, karani akaenda kula.

Hii, sawa na chungwa dogo,
ilipaswa kujizungusha hewani,
ihesabu mizunguko yake,
ndipo iamke.
Mianzi ya Xieng Khouang ikaidaka. Hesabu ikakatika.

Leo Latsamy amepiga magoti tutani,
anaondoa udongo kwa brashi
kama anayemtoa mtoto tongotongo.

Haivuti. Haigeuzi.
Huenda imebaki robo mzunguko,
na jembe la mama yake
lingeimalizia.

Anategesha baruti ubavuni, anatandaza waya hadi mtaroni.

Mlio.

Nyati wawili wanainua vichwa, wanarudia majani.
Mama anafuta jasho, ananyoosha kidole:
“Na ile ya kwenye mgomba?”