Majibu ya Udongo

Ayuma alichota udongo mara nne:
nyuma ya jiko, penye jalala la majivu,
kwenye migomba, katikati ya mahindi,
na kule mpakani, kwa Andayi,
ambako hata magugu huota shingo upande.
Maabara ya Kisumu ikamjibu kwa namba
zinazopungua kadiri unavyoiacha nyumba.

Hakushangaa.
Miaka thelathini amebeba karai la samadi,
na mkono huchoka kabla ya mpaka.

Usiku, Emuhaya yote haina stima,
mwanawe akamwonyesha ule ukungu wa nyota.
"Nao ni vivyo hivyo, mama. Kule katikati
zimekufa nyingi, zikaacha chuma, oksijeni.
Pembeni bado ni haidrojeni, karibu tupu,
vifo havijatosha.
Hata mkono mmoja wa gurudumu lile
una mahali palipononewa na palipokonda."

Akatazama juu kitambo.
"Na sisi tuko wapi?"
"Njiani. Si jikoni, si mpakani."

"Penye migomba, basi," akacheka,
akainuka kwenda kumwaga jivu la jioni,
safari hii
hatua kumi mbele ya jalala.