Toleo la Machi

Ninayo mia moja na kumi na tisa.
La mia na ishirini ndilo linaloninyima usingizi.

Usinicheke. Wengine hufuga njiwa,
wengine hukusanya stempu, saa za ukutani, madeni.
Mimi nakusanya majarida ya tamthilia za Uingereza,
yale ya baada ya vita, ya picha nyeusi na nyeupe,
yaliyoshuka Kilindini pamoja na makasha ya wiski
kwa wake wa maofisa waliokuwa na kiu ya kwao.
Ulaya sijafika. Hata Nairobi siijui vizuri.
Lakini najua nani alivaa taji la kadibodi Oktoba ya hamsini,
na kwamba mfalme yule, ukimtazama kwa kioo cha kukuzia,
soksi yake ya kushoto imetoboka.

Nuswaiba husema: nyumba ya vyumba viwili,
kimoja cha wazungu waliokufa.
Hakosei. Nimewalaza kabatini kwa karafuu na mwarobaini,
maana hewa ya chumvi haina adabu kwa karatasi,
huingia bila hodi, huacha madoa ya rangi ya chai.
Kila Ijumaa baada ya swala nawaanika kivulini,
nafungua ukurasa mmoja mmoja, napepea,
kama mtu auguzaye mgonjwa wa homa.

Toleo la Januari, arobaini na saba:
mwezi ule makuli waligoma, winchi zikanyamaza,
mji ukakunja mikono.
Ukurasa wa tisa, mabwana kwenye viti vya mahameli
wanamcheka mnyweshaji aliyemwaga supu.
Nimeitazama picha hiyo miaka.
Sijajua bado kama nicheke.

Kisa chenyewe ni mamangu.
Bi Mwanamvua, fundi cherehani wa Kibokoni,
herufi za kizungu hakuzijua wala hakuzitaka.
Aliyanunua kwa ratili kwa muuza njugu wa Mwembe Tayari
kabla malkia hawajageuzwa vifuko.
Mama alisoma mikono ya nguo.
Aliweka kidole begani pa mwigizaji, akanyamaza,
akapima kwa shubiri, kisha mkasi.
Bibi harusi wangapi wa Mji wa Kale
waliingia kwa vigelegele
na kola ya mwanamke anayenyongwa pazia la tatu!

Aliniachia mkebe wa biskuti.
Ndani, magauni kumi na saba ya karatasi,
yote yamekatwa shingoni. Vichwa havikumhusu.
Ndiyo kazi yangu hii: kuwatafutia vichwa.
Kumi na sita nimewapata.
La kumi na saba, nyuma yake, limebakisha neno moja: Machi.
Mwaka ulikwenda na mkasi.

Mwezi jana Taherali wa Ndia Kuu akanipigia simu:
"Njoo, nimepata Machi ya hamsini na mbili."
Nilitoka na kandambili, mvua inanyesha.
Nikalipa bila kupatana, aibu kwa mtu wa kazi hii.
Ukurasa wa ishirini na mbili una tundu,
na ukingoni mwa tundu, kila baada ya inchi, pengo dogo:
mkasi wa mama ulikuwa na jino bovu.

Nikatoa gauni. Halikuingia.
Tundu lilikuwa la koti. Koti dogo, la mtoto wa jukwaani;
kichwa chake kimebaki na kofia, kinatazama pembeni.

Nikakaa chini.
Idi ile, miaka saba, koti la buluu, vifungo sita vya shaba,
watoto wa Kuze wananifuata nyuma.
Kola ilikuwa ngumu. Nikigeuza shingo ililia,
sauti ndogo, kavu, nami nikamwuliza
humu mna nini.
Akasema: Tulia, ni bitana.

Koti lilirithiwa na binamu, kisha na mdogo wake,
likaishia kupangusia baiskeli.

Ninayo mia moja na ishirini sasa.
Gauni bado halina kichwa,
na Machi ziko nyingi.