Mgeni wa Tano

Rudia, Baba, kuanzia pale kidole gumba kinaposhuka.
Anarudia. Si pale.
Amepita kwingine, kama mtu akwepaye mbwa wa jirani,
nami nimebaki njiani, kipanya mkononi.

Juni hapa Ayacucho, baridi huingia hadi kwenye nyuzi.
Tanuri tumelizima saa tatu,
unga wa kesho unaumuka chini ya kitambaa,
na mezani, kando ya bili ya umeme,
ipo kompyuta ya binamu Yovana, iliyokuja na basi kutoka Lima
imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga.

Programu ina maswali.
Nyuzi ngapi? Sita.
Zimekazwaje? Hapo ndipo tunapogombana.
Baba hukaza uzi wa sita alivyofundishwa na kinyozi wa Huanta,
naye kinyozi alifundishwa na nani, hakuna ajuaye.
Nimeteremka na orodha hadi chini. Haimo.
Nikaiingiza mwenyewe, uzi kwa uzi.
Programu ikataka jina.
Nikaandika: Kinyozi.

Halafu vyumba.
Yenyewe huugawa muziki vyumba vyumba,
kila chumba vitanda vinne,
wanne walale, mlango ufungwe.
Baba huja na mgeni wa tano.
Siku nyingine mgeni na nusu.
Chumba kinageuka chekundu.
"Huyu hapa anachelewa," nasema.
"Hachelewi. Anavua viatu."

Nikabonyeza tusikie.
Sauti ikatoka safi, sawasawa,
kila nota imechanwa nywele kwenda shule.
Baba alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu,
kama anavyomsikiliza mkaguzi wa afya,
kisha akatazama vidole vyake vya mwokaji.
"Huyu kijana," akasema, "hajawahi kuungua."

Usiku wa kumi na moja nikaacha kupigana.
Nikabomoa ukuta. Kitufe chake kipo,
wamekificha menyu ndani ya menyu.
Chumba cha tisa kikapata kitanda cha tano,
na kabla ya ile nota ya juu,
pale anapotaka kukohoa asikohoe,
nikaweka alama ya kimya,
nyeusi, bapa, kama kofia iliyoachwa juu ya meza.

Señora Saturnina ana mashine ya kuchapa. Kurasa mbili,
wino umefifia pembeni.
Baba hasomi nota. Aliigeuza karatasi juu chini,
akaigeuza tena.
"Sisimizi," akasema. "Wamebeba mayai."
Kidole chenye unga kikawafuata mstari kwa mstari,
kikasimama.
"Hapa mbona hawapo?"
Hapo unavuta pumzi, nikamwambia.

Mlangoni mteja wa kwanza alikuwa akibisha kwa sarafu.
Baba hakwenda kufungua.
"Sikujua," akasema, "kwamba inaonekana."