Kavu ya Nani

Barua ya mkaguzi ilifika Jumanne,
Nakuru ikinuka vumbi na mahindi ya kuchoma,
kurasa nne, na katikati ya ule wa pili
neno langu limezungushiwa wino: kiasi.
Niliandika: maua ya pareto huloweshwa katika kiyeyusho
kwa joto la kiasi.
Akauliza, bila salamu: kiasi gani?

Nilicheka kidogo. Kisha nikaacha.

Wakili Nyaboke ana chumba juu ya duka la mbolea,
harufu hupanda ngazi pamoja na mteja.
"Ua lako huua wadudu, sawa," alisema.
"Sasa unataka kulizungushia ua.
Jirani akipita usiku bila taa
aguse mti wa kwanza, ajue: hapa mwisho.
Kiasi ni pengo. Ng'ombe hupita."

Kalamu nyekundu. Ya pili kuanguka ilikuwa kama.
Kama nyuzi arobaini:
karibu na arobaini? mfano wa arobaini?
au ni sharti, ikiwa zitafika arobaini?
Herufi nne, milango mitatu.
Tukaweka kati ya thelathini na nane na arobaini na mbili,
nikahisi dai likisinyaa mkononi
kama sweta iliyofuliwa kwa maji moto.
Kadhaa ikaenda. Na kadhalika ikaenda.
Mafuta ya ufuta au mengineyo: hapo nilibisha,
miaka sita nimekesha na chupa zile.
"Umeyapima mangapi?"
Matatu.
"Basi dai matatu."

Na yenye! Mchanganyiko wenye piretrini,
wenye hiyo tu, au hiyo na wageni wake?
Tuliisokota yenye hadi chai ikafanya utando.

Jumamosi nikapanda Molo.
Mama alikuwa akigeuza maua juu ya turubai.
Nikamsomea dai la kwanza lote, sentensi moja
ndefu kama reli, nukta moja tu, stesheni ya mwisho.
Piretrini hakuielewa, wala hakujifanya.
"Rudia pale mwanzo."
Maua makavu ya pareto...
"Makavu? Kavu ya nani?"

Bwana wa mizani, nilikuwa nimemsahau.
Alizamisha mkono guniani hadi kwenye kiwiko:
haya hayajakauka, akakata kilo sita.
Wiki iliyofuata, jua lile lile, turubai lile lile:
haya yamekauka mno, yamekuwa vumbi. Akakata tena.
Karo yangu ya muhula wa pili
ilipotelea ndani ya neno hilo.

Mkaguzi alilipita. Nyaboke alilipita.
Mimi, na shahada yangu ya kemia, nililipita mara arobaini;
lilikuwa limevaa viatu vya kila siku.

Nikaandika, karatasi gotini:
yenye unyevu usiozidi asilimia kumi kwa uzito.
"Kumi," Mama akasema.
Akavunja ua moja kati ya vidole, karibu na sikio.
"Hili ni tisa."

Sikuwa na kipimo cha kumbishia.
Wingu lilikuwa linashuka kutoka upande wa Mau.
"Shika pembe ile," akasema,
na nilijua ipi.