Ngozi ya Tano

Mimi ndiye niliyevihesabu.
Vidonge thelathini, vyeupe, vidogo,
nikavitia bahashani, nikaandika kwa mkono wangu:
kimoja kila siku baada ya chakula, dawa ya jongo.
Bi Buaphan akacheka, akaniachia kaunta
kifurushi cha wali wa kunata, bado wa moto.

Siku ya kumi na saba, homa.
Ya kumi na nane, macho mekundu, midomo imeumuka.
Ya kumi na tisa Wilailak alimshika mama yake mkono amwinue,
na ngozi ikabaki kiganjani,
nyepesi, imelowa,
kama ganda la nyanya iliyochovywa maji ya moto.

Khon Kaen. Wodi ya walioungua,
ingawa hapakuwa na moto.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
hiki kilikuwa ndani zaidi ya nguo.
Askari wa damu yake mwenyewe
walidanganywa na punje yangu moja
wakaichoma nyumba waliyowekwa kuilinda.

Daktari Naruemon, viatu vya raba vya kijani, anataka steroidi.
Dozi kubwa, siku tatu, sasa hivi,
kabla moto haujashuka kooni.
Profesa Thanakorn anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua tena.
"Ukiwafunga askari mikono, wezi utawazuia na nini?
Mwili huu hauna mlango. Nimewazika wa namna hii."
"Na mimi nimewazika wasiopewa."
Wote wawili wamesoma. Waliyoyasoma hayapatani.
Nami, nimesimama kando ya mashine ya kahawa,
nimeuza ndiyo na hapana kwa miaka ishirini na miwili.

Wilailak akauliza: "Angekuwa mama yako?"
Naruemon akakawia.
"Ningempa. Usingizi nisingepata."

Saa tisa usiku wakafungua dripu.
Deksamethasoni haina rangi.
Nilitazama tone baada ya tone
kama mdaiwa anavyotazama mizani ya mwenzake.
Najua kazi yake: hunyamazisha.
Haiulizi nani mkosaji, nani mlinzi.

Kule kwetu Chonnabot kila mtoto anajua
kiwavi wa hariri hujivua mara nne.
Kabla ya kujivua huacha kula, huinua kichwa, hutulia tuli.
Nilikuwa na miaka sita niliponyoosha kidole
na Bi Buaphan akanipiga kofi la mkono:
Mwache! Ukimgusa sasa, umemuua.
Ngozi ya tano ndiyo inayosokota uzi.

Basi tukamwacha. Wauguzi wanne kumgeuza,
pumzi zao zimebanwa, vitambaa visivyonata,
na yeye kichwa kimeinuka kidogo juu ya mto,
kimya.

Siku ya pili ya dripu sukari ikapanda.
Ya tano wezi wakaingia kweli; alitetemeka hadi kitanda kikalia.
Profesa hakusema nilikwambia.
Aliandika antibiotiki, akavuta kiti, akakaa hadi alfajiri.
Ya tisa, chini ya shashi, begani,
kipande cha waridi, upana wa ukucha.
Naruemon alikiangalia, akatoka nje, akanawa uso.

Ni ile dawa? Ni wale wauguzi? Ni ukaidi wa mwanamke
aliyefunga mafundo ya uzi maisha yake yote?
Nimewauliza wote wawili.
Kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake.

Amerudi kwake. Macho makavu, matone kila saa,
kucha mpya zina mabonde.
Bluu na nyeusi haziachanishi tena, mjukuu humtajia.
Nilimpelekea kadi ya kubeba siku zote, jina la dawa kwa wino mwekundu,
na maneno ya toba niliyoyapanga njia nzima.
"Isome," akasema.
Nikaisoma.
"Tena."
Nikaisoma tena.
Akapapasa chini ya kitanda cha mfumi, akatoa bahashani,
mwandiko wangu, kimoja kila siku.
"Hesabu."
Nikamimina mkekani, mbele ya miguu yake iliyo mipya.
Kumi na viwili.