Houston Ipi?

Houston ipi? aliuliza kijana wa simu,
nami nikamjibu: ile ya huku,
kando ya mto Demerara, maji rangi ya chai ya maziwa,
nyumba zimesimama juu ya nguzo
kama wanawake waliopandisha sketi kuvuka mtaro.
Akacheka. Akaandika. Akakosea.
Barua yangu ya zabuni ikaenda Texas,
ikarudi baada ya wiki tisa,
dirisha la maombi lilikwisha kufungwa.

Sheria imetoka, walitwambia katika ukumbi wa shule,
ubaoni bado kuna hesabu za watoto.
Kufua, kupika, kulinda, kusafirisha watu:
kazi hizo kwanza kwa wazawa.
Na hisa hamsini na moja kwa mia
ziwe mikononi mwa mwenye nchi.
Nilipiga makofi hadi bangili zikaniuma.
Mgeni njoo, mwenyeji apone!
Nikakopa. Nikanunua mashine tatu,
moja nikaipa jina, Bi Kelele.

Kumbe mgeni alishajipatia mwenyeji wake.
Hemraj, mtoto wa Bibi Sukhdeo, ukuta kwa ukuta nami,
jana muuza vocha za simu,
leo ana mlango wa kioo na jina lake kwa herufi za shaba.
Ndani meza moja, feni, kalenda ya mwaka juzi.
Hisa hamsini na moja anazo.
Kitabu cha hundi hajawahi kukishika.
Huletewa bahasha kila mwisho wa mwezi,
naye huilipia kwayo ile mashine
inayosafisha damu ya mama yake,
siku tatu kwa wiki, kila wiki,
kwa hiyo sikumtukana.
Nilikwenda kumwomba kazi.

Ndiyo maana ovaroli hufika kwangu usiku,
magunia kwa magunia, rangi ya chungwa,
nzito kwa grisi na chumvi
na jasho la watu walio kilomita mia mbili baharini.
Sijawaona, ila nawajua:
huyu hutafuna karafuu,
huyu mguu mmoja mfupi, pindo limechakaa upande,
huyu ameandika jina la mwanawe ndani ya kola,
nami hulisugua kwa uangalifu lisifutike.
Mia nne kwa moja, ndiyo bei yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako,
na mara nyingine ki nguoni mwa mtu mwingine.
Jumanne, mfuko wa kifua,
karatasi iliyokunjwa mara nne.
Imepita sabuni, imepita maji ya moto,
wino umekataa kutoka.
Ankara. Kufua ovaroli, moja: elfu mbili na mia tatu.
Mtoa huduma: mzawa.

Nikaisoma nimesimama.
Nikaisoma nimekaa.
Bi Kelele akamaliza mzunguko wake, akanyamaza,
ndipo nikasikia mvua ikitembea juu ya bati.

Na ajabu yake, karatasi haikusema uongo.
Aliyefua ni mzawa.
Aliyetia sahihi ni mzawa.
Aliyelipwa ndiye hakuandikwa.

Mkaguzi anakuja asubuhi, Bi Quamina,
anasifika kwa viatu vya mpira na kalamu mbili,
ya pili ni ya pale ya kwanza inapokaukiwa ghafla
kwenye ofisi za wakubwa.
Alipopiga simu kuuliza njia sikungoja swali.
Houston ya huku, nikasema.
Usiku kucha nimeipiga pasi ile karatasi,
moto mdogo, kona baada ya kona,
kama shati la maiti.

Alfajiri gari la Hemraj likapita dirishani,
mama yake kiti cha nyuma, blanketi magotini,
ameegemea kioo. Akaniona. Akanipungia.

Nami nikampungia
kwa mkono uliokuwa mtupu.