Dole Gumba

Faili la hospitali ya Lota lina kurasa mbili.
Kwenye ya pili, pahala pa sahihi,
dole gumba la wino: Hortensia, asiyejua kuandika.
Nimeweka langu juu yake mara nyingi
hata karatasi imelegea.

Mimi ni Staffan, dereva wa tramu, Gothenburg,
miaka arobaini na minne,
na sentensi moja ya Kihispania
niliyoikariri kati ya kituo na kituo:
Samahani, mama, sikuja kudai kitu.

Hortensia wa kwanza alikwishazikwa.
Wa pili alifunga mlango taratibu,
kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Wa tatu alikuwa akikanda unga.
Nikatoa sentensi yangu, nikatoa karatasi.
Akafuta mikono, akavaa miwani,
akasoma.
Alisoma! Mstari kwa mstari.
Nilijua si yeye kabla hajatikisa kichwa.

Kijana wa jirani akanitafsiria:
Wangu alikuwa binti.
Akanionyesha kwa viganja urefu wake,
urefu wa mkate.
Waliniambia amekufa. Maiti sikuonyeshwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi;
wa kumkosa mzazi, sijui aujuaye nani.
Tulikula mkate ungali moto, kimya.

Mlangoni akanishika mkono:
Huko kwenu, kwenye hiyo tramu yako,
hujamwona mwanamke mwenye baka jekundu
nyuma ya sikio la kushoto?

Ni majira ya baridi sasa. Wanapanda na kofia za sufu.
Namngoja kila mmoja avue.